Koti la Somo Tihomir

Mji mzima wa Kraljevo umepita mikononi mwa Miladin Vukomanović, na simsifu bure. Aliyeteleza kwenye barafu, aliyeangushwa na baiskeli, aliyeporomoka mti wa cheri akiwa na pombe ya rakija kichwani, wote waliishia kwenye chumba chake cha chini hospitalini, ambako yeye huchovya bandeji kwenye maji ya vuguvugu na kufunga plasta. Si daktari. Daktari huunyoosha mfupa, Miladin huufunga, na mgonjwa akirudi nyumbani anayemkumbuka ni Miladin, kwa sababu ndiye aliyempigia porojo wakati wa maumivu. Watu humwona ni mtu asiyeogopa kitu, maana mguu uliogeuka nyuma mbele anaushika kama anashika kuni. Hawajui kwamba mwanamume huyu, mwenye mabega ya kubebea makabati, anaogopa kalamu.

Hofu hiyo ilikuwa imelala usingizi mzuri hadi vuli ile bibi Spasenija, mwenye nyumba wao, alipopanda ngazi akihema, akakaa jikoni, akanywa kahawa yake hadi machicha, kisha akasema anauza. Vyumba viwili, jiko, na roshani inayotazama mto Ibar. Miladin na mkewe Zagorka walikuwa wamepanga humo tangu binti yao Ružica hajaota meno, na sasa Ružica ameolewa Novi Sad.

"Mpwa wangu wa Kanada anataka fedha, hataki kuta," alisema bibi Spasenija. "Nawapa nyinyi kwanza, kwa sababu hamjawahi kunipigia kelele. Lakini arbuni niione wiki hii, na zilizobaki kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mwezi wa Desemba. Mkishindwa, arbuni ni yangu, na nyumba anachukua yule daktari wa meno."

Watu wenye akili huuliza benki kwanza, ndipo watoe arbuni. Huku kwetu anayeuliza benki kwanza hurudi akakuta pazia la mtu mwingine dirishani, kwa hiyo sote tunatoa arbuni na kumwachia Mungu yaliyobaki. Zagorka, mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watoto mia mbili mezani, aliuza shamba la miplamu aliloachiwa na baba yake. Lilitoa euro elfu nne. Alizihesabu mbele ya bibi Spasenija noti kwa noti, akalia baadaye, sokoni, mbele ya muuza kabichi.

"Sasa imebaki benki tu," alimwambia mumewe. "Na mtu mwenye jina kama lako, watampa mkopo wa nyumba huku wanampigia makofi."

Miladin alitabasamu. Kisha akaenda roshani kuvuta sigara ambayo daktari alishamkataza.

Hebu niambieni, mtu atamkatalia nini somo wake? Tihomir ndiye aliyesimama ubavuni mwa Miladin siku ya harusi, ndiye aliyemsimamia Ružica ubatizoni na kumkata nywele za kwanza. Kwetu mtu wa namna hiyo ni zaidi ya ndugu wa damu. Ndugu mtagombania mpaka wa shamba hadi mfe, lakini somo hatukanwi, hashitakiwi, hafukuzwi mlangoni. Mungu mbinguni, somo duniani, ndivyo walivyosema wazee, na wazee hawakujua kwamba iko siku benki zitataka wadhamini.

Miaka mingi kabla ya vuli hiyo, Tihomir alikuwa na duka la matairi na maneno matamu. Alitaka mkopo apanue duka, na benki moja ya Čačak ikamwambia alete wadhamini wawili wenye mshahara wa serikali. Alimfuata Miladin nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, akamwashia sigara.

"Ni desturi yao tu, somo," alisema. "Sahihi yako ni pambo. Nikishapanua, kabla ya Krismasi nimeshalipa nusu."

"Na mdhamini wa pili ni nani?"

"Yupo, yupo. Mtu mzuri kuliko wewe." Akacheka, akamgonga begani. "Ila usimwambie Zagorka. Wanawake hawalali kwa mambo haya."

Miladin alisaini bila kusoma. Baada ya miaka miwili duka lilikutwa limefungwa, matairi hayapo, hata ubao wa jina umeng'olewa, na Tihomir yuko Linz, Austria, kwa shemeji yake. Dalali wa mahakama hakwenda Linz. Alikwenda palipo karibu. Theluthi ya mshahara wa Miladin ikaanza kukatwa kabla haijamfikia mkononi, ikakatwa miaka, na kwa miaka yote hiyo hakumwambia mkewe neno. Na kama shetani angepanga, wakati uleule serikali nayo ilikuwa imepunguza mishahara ya watumishi wake, hivyo uongo ukakuta kitanda kimeshatandikwa.

"Hospitali wametukata zaidi ya wengine," alimwambia Zagorka jioni ile ya kwanza.

"Hata shule wametukata zaidi," alijibu Zagorka, akimenya viazi bila kuinua kichwa.

Wakala viazi. Miladin alimwonea huruma mkewe, na wakati huohuo akashukuru, Mungu amsamehe, kwamba shule nayo ilikuwa na roho mbaya. Makato yalikwisha majira mawili ya baridi yaliyopita. Dawa ya deni kulipa, na yeye alikuwa amelipa, tena deni asilolila. Alidhani limezikwa.

Aliyelifukua alikuwa Jefimija, msichana wa mikopo katika benki ya pale uwanjani. Siku chache baada ya arbuni kutolewa, alimleta mama yake hospitalini amevunjika kifundo cha mkono, na Miladin, akizungusha bandeji, akaona ndiyo nafasi.

"Binti, kuna mwenzangu hapa kazini," alianza, macho kwenye plasta. "Alimdhamini mtu, mtu akakimbia, yeye akakatwa mshahara hadi deni likaisha. Sasa akitaka mkopo wa nyumba, atapata?"

"Alimaliza lini kulipa, mjomba?"

"Miaka miwili hivi."

Jefimija alitikisa kichwa. "Huo ulishaandikwa mkopo chechefu, ule ulioshindwa kulipwa. Mdhamini akifikia kukatwa na dalali wa mahakama, rejista ya wakopaji inamwandika kana kwamba ni yeye aliyeshindwa kulipa. Kulipa kunafunga deni, hakufuti maandishi. Yanakaa miaka kadhaa ndipo yaondolewe, na kabla ya hapo benki yoyote ikifungua inayaona."

"Hata kama hakula dinari moja?"

"Rejista haiulizi nani alikula."

Ukutani, kwenye kioo cha taa, ilining'inia eksirei ya mama yule. Juu kidogo ya pale alipovunjika kulikuwa na mstari mwembamba, alama ya kuvunjika kwa utotoni. Mfupa ulikuwa umepona zamani na una nguvu zake, lakini mstari upo palepale. Mikono ya Miladin ikawa baridi ndani ya maji ya vuguvugu.

"Mwambie mwenzako asije akatoa arbuni kabla ya kuja kwetu," alisema Jefimija akimvalisha mama yake koti.

"Nitamwambia," alisema Miladin.

Tangu siku hiyo alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba bakuli la supu limejaa hadi ukingoni. Kitu kimoja tu kilimshikilia asianguke: jina la Zagorka. Zagorka hajawahi kukopa hata sufuria. Mkopo ukiandikwa kwa jina la mkewe, na yeye akajibanza pembeni, huenda rejista isimwone kabisa. Alilileta jambo hilo wakati wa chakula cha mchana, maharagwe yakiwa mezani.

"Nimefikiri," alisema. "Mkopo uchukue wewe."

Kijiko cha Zagorka kilisimama hewani. "Mimi? Kwa nini mimi?"

"Arbuni ni ya shamba la baba yako. Ni haki nyumba iwe kwa jina lako."

"Haki gani hiyo imezaliwa leo? Umeme uko kwa jina lako, simu iko kwa jina lako, hata yule mbwa wetu marehemu alikuwa kwa jina lako."

"Mshahara wako mkubwa kuliko wangu."

"Kwa bei ya mayai mawili, Miladin."

"Mayai mawili si haba."

"Chukua wewe. Mji mzima unakujua. Hata meneja wa hiyo benki ulimfunga mkono."

"Mguu."

"Mguu basi."

Ndipo hofu ikapata mtoto. Kwa nini mwanamke huyu, aliyeuza miplamu ya baba yake kwa ajili ya kuta hizi, hataki kuandika jina lake? Miladin alipata jibu moja tu: ameshajua. Mtu wa hospitali kamwambia, au dalali, au shetani mwenyewe, na sasa anamngoja akiri kwa kinywa chake. Akaanza kumchunguza. Siku waliyopanga kwenda benki, kichwa kilimuuma Zagorka. Siku nyingine jiko la shule liliharibika. Ya tatu alidai kitambulisho kimepotea, nacho Miladin alikiona mchana huohuo ndani ya kopo la unga, akanyamaza, kwa sababu kila siku waliyochelewa ilikuwa siku moja zaidi ya kuishi. Jumapili Zagorka aliunguza maharagwe, jambo lisilowahi kutokea tangu waoane, na wote wawili wakayala hadi chini ya sufuria.

Nje ya mlango muda haukuwangoja. Bibi Spasenija aliwasimamisha ngaziani kila walipopita, akiuliza benki wanasemaje. Daktari wa meno alikuja na utepe wa kupimia, akapima roshani huku nguo za Zagorka zikiwa bado kwenye kamba, akaomba radhi kwa adabu sana. Miladin alianza kuamka alfajiri moyo ukimdunda, akahesabu nyufa za dari, akaapa kusema leo. Ikifika kahawa, ulimi ukawa jiwe. Mficha uchi hazai, na yeye alijua hivyo, lakini aliogopa uso wa mkewe kuliko alivyoogopa benki.

Hatimaye walikwenda, kwa kuwa Novemba ilikuwa imeingia na visingizio vimekwisha pande zote mbili. Walipofika katikati ya daraja Miladin alisimama.

"Zago."

"Nini?"

Maji ya Ibar yalikuwa yamejaa, ya rangi ya udongo. Aliyatazama, akamtazama mkewe, akaona kwamba midomo yake imekuwa myeupe.

"Kamba ya kiatu chako imefunguka," alisema.

Haikuwa imefunguka. Zagorka aliinama hata hivyo, akaifungua, akaifunga tena taratibu, akichukua muda wote duniani.

Jefimija aliwapokea vizuri, akawaagizia maji. Alipomtazama Miladin, kisha karatasi ya arbuni, alielewa yule 'mwenzangu hapa kazini' alikuwa nani, na haya ikamjaa usoni kwa niaba yake. Aliwasukumia karatasi mbili za ruhusa ya kusoma rejista.

"Zote mbili?" waliuliza Miladin na Zagorka kwa pamoja.

"Mkopo wa nyumba kwa mume na mke tunawasoma wote wawili, shangazi. Haijalishi nani ameandikwa juu."

Basi tumaini likafa hapohapo, kwenye kiti cha benki, chini ya picha ya familia inayocheka. Miladin alishika kalamu. Ilimteleza mara mbili. Zagorka alisaini yake amefumba macho, kama anayemeza dawa. Kisha Jefimija akabonyeza, na wote watatu wakaingoja mashine. Miladin alitazama mlango. Alifikiri angeweza kusema anajisikia vibaya, na hangekuwa anasema uongo.

Jefimija alisoma ukurasa wa kwanza bila mshangao. Alipofungua wa pili, nyusi zikakutana. Alirudi kwenye wa kwanza, akaenda tena wa pili.

"Shangazi Zagorka," alisema polepole, "na wewe?"

"Na mimi nini?" Sauti ya kuita watoto mia mbili haikuwapo.

"Mkopo ni mmoja. Ule wa Čačak, wa duka la matairi, namba ileile. Mjomba ni mdhamini wa kwanza. Wewe ni wa pili."

Miladin aligeuka kumtazama mkewe, na mkewe alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe juu ya mkoba. Mtu mzuri kuliko wewe. Alimsikia Tihomir akicheka nyuma ya chumba cha kufulia, akahisi lile pigo la begani.

Jefimija aliwaonea huruma, na kwa huruma hiyo akasema ukweli wote. "Angekuwa mmoja wenu, ningehangaika na mwingine. Wote wawili, maombi yanakataliwa hata kabla hayajatoka mezani kwangu. Kuna njia moja. Mkileta euro elfu kumi nyingine taslimu, mkopo ukawa mdogo, nitawaandikia wakubwa Belgrade na kuwaeleza kwamba mlikuwa wadhamini na mlilipa. Siwaahidi kitu. Ila bila hizo elfu kumi hata sitaandika, nitakuwa nawadanganya."

Walitoka. Kwenye benchi la kando ya mto walikaa kama wageni wanaongoja treni tofauti, kila mmoja na ncha yake.

"Alikufuata wapi?" aliuliza Miladin mwishoni.

"Jikoni, shuleni. Alikula kwanza bakuli mbili za supu."

"Akasemaje?"

"Akasema nisikuambie, una moyo dhaifu, utaanguka ufe." Zagorka alifuta pua. "Nilikuwa nikikuona unapanda ngazi na magunia ya viazi, naomba Mungu usijue."

"Mimi aliniambia wanawake hawalali."

"Kwa hilo hakudanganya."

"Kwa hiyo shule haikuwakata zaidi ya wengine?"

"Haikutukata zaidi. Hospitali?"

"Haikutukata."

Miladin alitegemea atakasirika. Kilichomjia kilikuwa aibu, nzito, ya kumfanya atake kulala palepale kwenye nyasi. Kwa miaka yote walikuwa wamelala kitanda kimoja, kila mmoja amembana adui yuleyule chini ya mto wake. Na Tihomir alikuwa akija! Kila mwaka, kwenye sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, alishuka kutoka Linz na kahawa na chokoleti, akakaa mahali pa heshima. Miladin alimmiminia rakija akiomba asitamke jambo mbele ya Zagorka. Zagorka alimpakulia nyama zilizofungwa kwenye majani ya kabichi akiomba asitamke jambo mbele ya Miladin. Na yeye, kikulacho ki nguoni mwako, alikula kwa amani, akijua wote wawili wanaomba.

Zagorka alikuwa akihesabu kwa vidole. "Mimi walinikata elfu tano na kitu. Na wewe?"

"Kama hizohizo."

"Zikijumlishwa ndizo anazotaka yule msichana."

Miladin alirusha kijiwe mtoni.

"Tihomir amejenga nyumba kijijini kwao," Zagorka aliendelea. "Ina simba wawili wa saruji getini. Mmoja wangu, mmoja wako."

"Somo hashitakiwi, Zago."

"Simshitaki. Namngoja mezani. Wiki ijayo ni sikukuu ya ukoo wetu, Mtakatifu Giorgi wa Novemba, na atakuja, kwa kuwa anadhani bado sisi ni wajinga wawili."

Katika sikukuu ya ukoo hakuna anayealikwa. Mlango huachwa bila kufungwa, mshumaa huwashwa, na ajaye amekuja. Mwaka ule walikuja majirani, akaja bibi Spasenija na kitambaa kichwani, na saa ya supu akaja Tihomir. Alivaa koti refu la sufu la kijivu, la Austria, zito na zuri. Alilitundika mwenyewe kwenye msumari wa mlangoni, akambusu Miladin mara tatu, akajipiga ishara ya msalaba mbele ya mshumaa, akaonja kwa kijiko ngano iliyochemshwa kwa heshima ya mtakatifu.

"Somo, unazeeka," alimwambia Miladin. "Na somo Zagorka anazidi kuwa kijana. Kuna mmoja hapa anamla mwenzake."

Watu walicheka. Miladin alimimina rakija, nusu ikaenda kwenye kitambaa cha meza. Aliogopa kuliko siku ya benki. Benki ingeweza kumnyima nyumba tu. Hapa alikuwa anakaribia kufanya jambo ambalo baba yake hangelifanya, kumdai somo siku ya mtakatifu, mshumaa ukiwaka. Alitamani Zagorka asahau. Zagorka hakusahau. Wageni walipofika kwenye keki, alimwita Tihomir jikoni kana kwamba anataka amfungulie chupa, na Miladin akawafuata, akasukuma mlango.

Juu ya meza ya kukatia mboga kulikuwa na karatasi moja aliyoiandika Zagorka kwa mwandiko wa shuleni. Ilisema Tihomir anakiri kilichokatwa kwa kila mmoja wao kwa ajili yake, na atakirudisha kabla ya Mtakatifu Nikola.

Tihomir aliitazama kwa mbali. "Hii nini?"

"Ni desturi tu, somo," alisema Zagorka. "Sahihi yako ni pambo."

"Leo? Siku ya mtakatifu wenu mnanitolea karatasi?"

"Hatupazi sauti. Hakuna anayesikia."

"Nyinyi ni damu yangu. Nilimsimamia mtoto wenu ubatizoni." Alimgeukia Miladin. "Somo, mwambie mkeo."

Miladin alifungua kinywa, na maneno yalitoka membamba, lakini yalitoka. "Nyumba hii inauzwa, Tihomir. Benki hawatupi kwa sababu ya jina lako juu ya majina yetu. Shamba la baba yake limeshakwenda kwenye arbuni. Tukikosa hizo fedha tunatoka hapa mikono mitupu."

"Si mngesema! Nitalipa, neno langu."

"Neno lako tunalo tangu zamani," alisema Zagorka. "Tunataka mwandiko."

Miladin alinyoosha kalamu. Mkono haukurudi nyuma. Akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona: jasho lilimtoka Tihomir juu ya mdomo, macho yakaikimbia ile kalamu, yakaenda dirishani, yakaenda mlangoni. Kwa mara ya kwanza Miladin alimwona mtu mwingine akiogopa kalamu, na akamhurumia kidogo, akajichukia kwa huruma hiyo.

"Sawa," alisema Tihomir. "Sawa kabisa, ni haki yenu." Alijipapasa mfuko wa shati. "Ila sioni herufi bila miwani. Iko kwenye gari. Dakika moja tu."

Alipita katikati ya wageni akitabasamu, wakamsikia akishuka ngazi. Mume na mke walisimama jikoni, karatasi katikati yao. Chini, injini ikawaka.

"Labda anapasha gari moto," alisema Miladin.

"Labda."

Waliisikiliza hadi darajani, hadi ikachanganyika na magari mengine. Zagorka alitoka akaenda mlangoni. Koti la kijivu lilikuwa kwenye msumari. Tihomir alikuwa ameliacha na kukimbilia kwenye baridi ya Novemba. Zagorka alitia mkono mfuko wa ndani, akatoa miwani ndani ya ala yake ya ngozi, akarudi nayo, akaiweka juu ya karatasi.

"Kumbe bila miwani anaona vizuri tu," alisema. Kisha akaketi kwenye kigoda na kulia, na safari hii Miladin hakwenda roshani.

Simu ya Linz haikupokewa. Mtakatifu Nikola alifika kwa theluji, na daktari wa meno akafika na fundi wa madirisha. Bibi Spasenija alibaki na arbuni kama karatasi ilivyosema, akawapa mitungi sita ya pilipili za kusaga, akashindwa kuwatazama usoni. Walihamia ng'ambo ya mto, karibu na reli, vyumba viwili vya chini vyenye unyevu, kwa kodi kubwa zaidi. Jefimija alimwambia Miladin kwamba baada ya muda rejista itawasahau, warudi tena. Miladin alisema watarudi. Hajui watarudi na nini.

Kila mwisho wa mwezi huwa wanasomeana karatasi zao za mshahara mezani, mstari kwa mstari, kwa sauti, na mmoja akisita mwingine humwambia arudie. Koti la Tihomir hawakulitupa, maana koti la somo halitupwi. Walilihamisha pamoja na sufuria, na sasa linaning'inia karibu na mlango, miwani imo mfukoni. Kengele ikilia, wote wawili hulitazama koti kwanza, kisha hutazamana, na moyo wa Miladin hudunda kama ulivyodunda benki. Siku moja Tihomir atakuja kulichukua. Na wote wawili wanajua kwamba watamfungulia mlango, na kumwekea kiti, na kummiminia rakija.